Maji ya Tumboni na Maji ya Mwilini

Siku ya arobaini ya Mama Rehema nilikaa na wanawake wenzangu mkekani, sebuleni kwake Tinde, tukisubiri pilau. Lilikuwa joto la kabla ya mvua, bati linalia juu ya vichwa vyetu, na binti mmoja wa ukoo, mpole, mwenye kucha ndefu, alikuwa akipitisha chupa za kinywaji cha bluu. "Kunywa mama, hii siyo soda. Hii inarudisha maji mwilini." Nikavaa miwani, nikaigeuza chupa nisome maandishi ya nyuma. Maji, sukari, chumvi za aina mbili, ukali wa ndimu, rangi. Nikamuuliza binti, "Chumvi humu ina kazi gani?" Akacheka, akasema labda ni ya kuleta ladha. Nusura niite mwenye nyumba atoke chumbani aje amjibu, kisha nikakumbuka kwamba mwenye nyumba tulishamzika. Nililia pale pale, chupa mkononi, kilio cha wazi. Wenzangu wakanipigapiga mgongo wakidhani ni msiba peke yake. Msiba ulikuwepo, ila pia nilikuwa nimeurudia mwaka wangu wa Mwakitolyo, mwaka ambao marehemu alinifundisha kazi ya chumvi, baada ya mimi kuwatia adabu wanaume kumi na wanne kwa chumvi hiyo hiyo bila kukusudia.

Wazazi wangu nitawaacha wapumzike, hawana kosa katika habari hii. Nilikuwa na miaka ishirini, nina nguvu na mdomo, na nilikwenda Mwakitolyo kupika kwenye kambi ya wachimba dhahabu. Mwenye duara, yaani mwenye shimo lile, alikuwa mtu mzima tuliyemwita Baba Kulwa, mpole kwa sura na mgumu kwa maneno. Jiko langu lilikuwa nguzo nne na turubai, mafiga matatu, sufuria mbili kubwa na mwiko mrefu kama wa kupigia kasia. Asubuhi nilipika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nikaviunga na karanga. Mchana ugali na dagaa. Jioni ugali na maharage, na siku Baba Kulwa akifurahi, nyama. Nyuma ya jiko kulikuwa na banda walimolala wachimbaji, na kati yangu na wao hapakuwa na ukuta ila viroba vilivyoshonwa pamoja. Nilisikia kila kitu. Nilijua nani anakoroma, nani amegombana na mchumba wake wa Kahama, na nani anasema ugali wa Minza una mabuja, yale madonge ya unga usioiva. Huyo wa mabuja alikuwa Masanja, dume la mtu kutoka Maswa, ndiye mchimbaji hodari kuliko wote na ndiye mwenye ulimi mchungu kuliko wote.

Jua la mwezi wa tisa lilipokaza, watu wangu wakaanza kuanguka. Chini ya duara hakuna hewa, wenyewe walisema ni kama kulala ndani ya chungu, na walitoka humo wameloa kama waliotoka kuvuka mto. Maji yalikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka lamboni, mapipa mawili kila siku, nami nilichemsha kadiri kuni zilivyoruhusu. Hawakunyimwa maji hata kidogo. Walikunywa, wakakojoa, wakanywa tena, na bado misuli ya miguu iliwakaza wakapiga kelele kama wanaojifungua. Siku moja kijana aitwaye Doto alimaliza dumu la lita tano kabla ya saa nne, akapanda juu, akaja jikoni kwangu akaniuliza kwa adabu kabisa nyumba ya mama yake iko upande gani. Mama yake alikuwa Bariadi. Nikamkalisha kivulini nikimtazama, tumbo lake limejaa maji yanayocheza akitikisika, midomo imekauka imepasuka. Jambo hilo halikuniingia akilini. Mtu amejaa maji, na huyo huyo ana kiu.

Sasa mimi nilikuwa nawafulia mashati. Shati la mchimbaji likikauka juani hubaki na mistari myeupe mgongoni, na nilishaionja siku moja kwa udadisi tu, nikakuta ni chumvi tupu. Nikajiambia, wanachomwaga hawa si maji peke yake. Hadi hapo nilikuwa sahihi, na Mama Rehema mwenyewe baadaye alikubali kwamba kwa msichana ambaye hajasomea dawa ile ilikuwa akili nzuri. Kilichoniponza ni ng'ombe. Nimekulia kwenye njia ya mnadani, na kila mtoto wa huko anajua mchezo wa wauzaji: jioni unamlambisha ng'ombe chumvi hadi ashibe, asubuhi unampitisha lamboni. Atakunywa mpaka mbavu zipotee. Mnunuzi anayekadiria kwa jicho ataliona dume limenona, na wewe unakaza uso usije ukacheka. Basi nikapiga hesabu yangu ya kichungaji: chumvi hushika maji mwilini, ng'ombe ni shahidi, na kama ng'ombe huhitaji chumvi nyingi, mchimbaji anayemwaga jasho siku nzima atahitaji nyingi zaidi.

Nikachukua dumu la lita ishirini. Nikatia nusu pakiti ya chumvi. Nilipoonja nikaona wataitema, kwa hiyo nikaficha ladha kwa ukwaju mwingi na sukari kidogo, nikakoroga, nikajipongeza. Walikunywa asubuhi kabla ya kushuka, wakasifu ule ukali. Masanja, ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote, aliomba kikombe cha pili. Kabla jua halijafika katikati, wa kwanza alipanda kamba kwa kasi ambayo sijapata kuiona, akanipita bila salamu akielekea vichakani. Akafuata wa pili na wa tatu. Mwisho wake walikuwa wakisukumana mdomoni mwa duara, kila mtu anataka kutoka kwanza, na wale ambao matumbo yao yalivumilia walitapika. Siku ile hakuna jiwe lililotoka chini. Naandika haya nikicheka, ila siku ile nilijificha nyuma ya pipa.

Jioni nilisikiliza hukumu yangu kupitia ukuta wa viroba. Sauti ya Masanja ilikuwa dhaifu lakini ulimi haukuwa umepungukiwa kitu. "Huyu mtoto ametuchumvia kama ng'ombe wa mnada. Mwondoe, Baba Kulwa. Leo tumehara, kesho tutazikwa." Mwingine akasema nihurumiwe, ugali wangu si mbaya. Masanja akajibu kwamba una mabuja. Baba Kulwa akasema, "Atapika ugali. Maji asiguse. Atakayemwona Minza na kikombe cha maji aniite." Kesho yake akaleta makreti ya soda na pakiti za glukosi, na kazi ya maji akampa Doto. Mimi nikabaki na mwiko wangu. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliona hasira, kwa sababu nilijua kabisa kwamba niligusa ukweli fulani na ukaniponyoka, na soda zile hazikumponya yeyote. Walishiba utamu, kiu ikabaki pale pale.

Siku ya tatu nikamwomba Baba Kulwa ruhusa ya kwenda kutibiwa jino, nikatembea mpaka zahanati ya kijiji cha jirani, ng'ambo ya korongo. Chumba cha nesi kilikuwa na meza moja, benchi, mizani ya watoto inayoning'inia, na chupa ya chai iliyofunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Mama Rehema alikuwa Mzaramo, mnene, mwenye hina na sauti ya kuamrisha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza jina. Nikasema Minza. Yeye akasikia Minzi, ambayo kwetu ni maji, na kwa kuwa Kisukuma chake kilikuwa cha kuokoteza, akauliza ni mzazi gani anamwita mwanawe Maji. Sikumrekebisha, maana nilikuwa na haraka ya kukiri. Nikamweleza yote, mashati, ng'ombe, nusu pakiti, vichaka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Nyie Wasukuma," alisema akijifuta macho, "mkipenda kitu lazima kijae mkokoteni."

"Na nyie Wazaramo mkisikia ngoma mnaacha chungu jikoni kiungue," nikamjibu, maana watani hatuogopani. Akanisogezea benchi karibu. Nafikiri urafiki wetu ulianzia hapo.

"Huyo ng'ombe wa mnada," akaniuliza, "kesho yake akifika kwa mnunuzi anakuwaje?"

"Amesinyaa. Ameshayakojoa na kuyahara yote."

"Kwa hiyo ulimjaza tumbo, hukumjaza mwili. Maji ya tumboni si maji ya mwilini, mwanangu. Mpaka yapite ukuta wa utumbo yaingie kwenye damu, hayo bado yako nje, hata kama umeyameza." Akachukua kikombe, sukari yake ya chai na kopo la chumvi, akanieleza polepole. Chumvi ikienda peke yake inabisha hodi na kuachwa mlangoni. Ikizidi, inafanya kinyume, inayavuta maji ya mwili yaje tumboni, na ndiyo maana watu wangu walikimbilia vichakani na kiu yao ikaongezeka. Sukari ikizidi nayo ni hivyo hivyo, hilo ndilo kosa la soda na glukosi. Lakini sukari kidogo na chumvi kidogo zikifika pamoja hufunguliwa mlango pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Nikamuuliza kuhusu Doto aliyekunywa dumu zima la maji matupu. Akasema mtu aliyemwaga chumvi kwa jasho, ukimjaza maji matupu, damu yake inazimuliwa kama mchuzi wa nyumba iliyopata wageni wengi, na kichwa ndicho cha kwanza kulalamika. "Lita moja ya maji yaliyochemshwa. Vijiko vidogo sita vya sukari, bapa, usirundike. Nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nusu, Minzi. Kisha onja. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Na ukipata ndizi mbivu wape, ndani yake kuna chumvi ya aina nyingine ambayo misuli inaihitaji."

Nilitembea kurudi nikirudia midomoni kama mtoto aliyetumwa dukani. Nikanunua kijiko kidogo cha chai na chupa ya lita moja, nikawa nachanganya ya kwangu peke yangu kila siku. Nilianza kwa makosa, mara nimerundika, mara nimepungukiwa, na kila mara nilijiliza kidogo ili nilinganishe, jambo ambalo halikuwa gumu kwa hali niliyokuwa nayo. Nilipomwomba Baba Kulwa anirudishie maji, aliniuliza nimepata wapi elimu hiyo. Nikasema kwa nesi, vijiko sita na nusu kijiko. Masanja akadakia kutoka kivulini, "Kijiko gani, cha kulia au cha kuchimbia?" Wote wakaangua kicheko, maana kule migodini kijiko ni lile dubwana la chuma linalokula mlima. Baba Kulwa naye akatabasamu. Maji sikupewa.

Mvua za kwanza ziliponyesha ziliosha kila uchafu wa kambi zote na kuuteremsha lamboni. Doto hakuwa na subira ya kuchemsha. Asubuhi moja Masanja hakuamka. Nilisikia kwanza harufu, kisha sauti ya Doto akisema nyuma ya viroba, "Ameharisha tangu alfajiri, kama maji ya mchele." Nikaingia bila kubisha. Yule dume alikuwa amelala kwenye godoro la magunia, macho yamezama, mashavu yamebonyea, mkono niliougusa ulikuwa wa baridi. Nilimfinya ngozi ya tumbo kama nilivyomwona Mama Rehema akiwafanyia watoto siku ile zahanati, na ule mkunjo ukabaki umesimama. Baba Kulwa alikuwa amekwisha kumtuma mtu zahanati, lakini korongo lilikuwa limejaa, maji mekundu yanabeba miti mizima, na yule mtu alikuwa bado upande wetu akisubiri yapungue.

"Tungoje korongo lishuke tumbebe," Baba Kulwa akasema.

"Baba, akingoja atakauka. Nipe mimi."

Alinitazama. Nilijua anachokiona: msichana wa nusu pakiti. Na mimi nilijua kwamba nikikosea kipimo mara hii, hakuna atakayekimbilia vichakani. Mtu huyu atakufa mikononi mwangu, na watu kumi na watatu watasema walinionya. Nilisema tena, nipe mimi, na Baba Kulwa akasogea mlangoni kunipisha. Nikachemsha, nikapoza kwa kumimina kutoka sufuria hii kwenda ile, nikapima vijiko sita, kila kimoja nikikisawazisha kwa kidole, kisha nusu. Nikaonja. Machozi nilikuwa nayo tayari, sikuhitaji kujiliza.

Masanja alipoona ni mimi, alifumba mdomo. "Siyo chumvi ya huyu," alinong'ona. Sikumbembeleza. Nilikunywa kikombe kizima mbele yake, taratibu, nikamwonyesha kitako cha kikombe, kisha nikamwambia, "Kaka Masanja, ugali wangu una mabuja. Nimekubali. Haya fungua mdomo." Sijui kama alitaka kucheka au hakuwa na nguvu ya kubisha. Akafungua. Nikampa kijiko kimoja, nikahesabu hadi kumi, nikampa kingine. Akatapika. Doto akasema imeshindikana. Nikasubiri kama robo saa hivi, nikaanza tena, polepole zaidi. Kila alichotoa nilijitahidi kurudisha, na zaidi. Nilikaa pale magoti yakafa ganzi. Nje mvua ilikatika, jua likachomoza kwa ukali, wachimbaji wakakaa kando ya banda, hakuna aliyezungumza habari za mawe. Chupa ya kwanza iliisha. Ya pili iliisha. Katika ya tatu alinipokonya kijiko, akashika kikombe mwenyewe kwa mikono miwili.

Alasiri akaomba ashikwe aende nje. Doto na mwingine wakamkokota hadi nyuma ya banda, na sote tukasubiri tukitega masikio, tukitarajia yale yale. Kukawa kimya. Kisha Doto akarudi mbio, uso umemng'aa.

"Amekojoa," alisema. "Mkojo mwingi."

Sijaona tena wanaume wakifurahi namna ile kwa sababu kama ile. Waliotoka kwenda kuthibitisha walirudi wakitikisa vichwa kama waliokuta mkanda wa dhahabu mwambani. Baba Kulwa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika uso kwa viganja, akasema kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," asante mama, maneno ambayo mtu wa umri wake hamwambii mpishi wa miaka ishirini. Nami niliruka, sitaficha. Niliruka na mwiko mkononi, nikapiga vigelegele hadi kambi ya jirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Ile ni furaha ambayo sijaipata hata siku nilipojifungua, na wanangu wanisamehe.

Mama Rehema alifika jua likiwa limeanza kulegea. Korongo lilikuwa limeshuka hadi magotini, yule mtu wetu akapita kumwita, naye akavuka kanga imekunjwa kiunoni, viatu mkononi, begi la dripu kichwani. Matope yalimfika mapajani na alikuwa anahema. Hakumsalimu mtu. Aliingia bandani, akamfinya Masanja ngozi, ikarudi. Akamtazama macho, akamtazama ulimi, akamshika kifundo cha mkono akatulia. Akauliza amekunywa kiasi gani, nikamwambia chupa tatu. Akauliza amekojoa, na wanaume kama saba hivi wakajibu kwa pamoja. Alikuwa ameshatoa chupa ya dripu begini na sindano yake. Aliishika kitambo akifikiri, kisha akairudisha na kufunga zipu.

"Hii nitarudi nayo," alisema. "Kuna mama mjamzito kule kwangu nilimwacha hana dripu. Nani amemnywesha huyu?"

Masanja ndiye aliyeinua mkono mdogo mdogo kutoka kwenye magunia, akaninyooshea kidole.

Mama Rehema alikaa chini kwa kishindo, akaegemea nguzo. Jasho lilikuwa limemkauka mashavuni likaacha weupe, na midomo yake, niliona sasa, ilikuwa imepasuka kama ya mtu wa duara. "Nimetembea na jua lote hili," alisema. "Nimiminie na mimi."

Nikasuuza kikombe mara mbili. Nikamimina kutoka chupa ya nne, ile niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya usiku, nikapiga goti nikampa kwa mikono miwili. Alionja kwanza, akauzungusha ulimi, akatazama juu kwenye turubai kama anayesoma kitu. Kisha akanywa, hakuishia katikati, akanywa hadi nikakiona kitako cha kikombe, akanirudishia.

"Ongeza," alisema.